Ila

"Habari za leo, Tunu?"

Bangili iliuliza saa kumi na mbili na robo asubuhi, kwa sauti ile ile ya upole ambayo ilikuwa imeuliza kwa siku sabini na moja. Tunu Shembilu alikuwa ameinamia sinki. Mkono mmoja ulishika ukingo, wa pili ulikandamiza ubavu wa kulia, pale palipokuwa pakimnyonga tangu alfajiri kama mtu anayekamua nguo.

"Nzuri," akajibu.

Bangili ikalia mara mbili. Ti-ti.

"Hiyo yako yakupenda," alisema Bi Mwanasha kutoka kitanda cha pili. Alikuwa mama wa Kimombasa, mwembamba, mwenye maneno mengi kuliko mifupa. "Yangu huniitikia mara moja tu, tena kwa kiburi. Wewe tangu mwezi uliopita kila asubuhi mbili. Umeilisha nini, mwanangu?"

"Adabu tu, Bibi."

"Ah! Kwani mimi sina adabu? Au adabu ya Mombasa haivuki bahari?"

Tunu akacheka, na kicheko kikamuuma mpaka akakaa kitandani. Hakumwambia Bi Mwanasha. Mtu haamki asubuhi akamtupia mwenzake maumivu usoni hata kabla ya chai. Lushoto alikozaliwa, hiyo ilikuwa sehemu ya malezi, kama kunawa mikono.

Bangili ilikuwa mdomo na sikio tu. Chenyewe hasa kilikuwa punje, kitu kidogo kama chembe ya mchele, ambacho muuguzi alikipenyeza chini ya ngozi ya kifundo cha mkono siku ya kwanza. Punje ilisikiliza damu, mapigo ya moyo, joto na usingizi, usiku na mchana. Asubuhi iliuliza swali moja, na jibu lake liliitwa tamko. Matamko tisini yakishakamilika, Mwavuli, yaani bima ya afya ya nchi nzima ya Norvika, ilikata shauri kama mtu anaweza kusimama chini ya bima ya familia yake au la. Bila Mwavuli hapakuwa na Norvika. Hata mume angekuwa upande wa pili wa ukuta na funguo za nyumba mkononi, mlango usingefunguliwa.

Karatasi za serikali ziliita jengo lile Kituo cha Mapokezi ya Familia. Bi Mwanasha alilibatiza jina lake siku aliyofika. "Tumefungiwa ndani, hatutoki, hatujipambi, hatuonani na wanaume," alisema. "Hii si mapokezi, hii ni eda. Tofauti ni kwamba waume zetu wako hai." Tangu hapo Waswahili wote wa ghorofa ya nne wakawa wanaulizana, "Uko siku ya ngapi ya eda?" Madirisha hayakufunguka. Milango ilitambua punje na kufunguka yenyewe kuelekea bwaloni, chumba cha ibada na ukumbi wa vioo. Kulikuwa na mlango wa nne, mwekundu, mwisho wa ukumbi wa chini. Huo ulikuwa wa Norvika, na Tunu alikuwa ameshazoea kupita mbele yake bila kuutazama.

"Siku kumi zangu zimebaki," Bi Mwanasha aliendelea, akifunua kishali cha mtoto alichokuwa akikishona kwa sindano ya plastiki, maana za chuma hazikuruhusiwa. "Jumatatu ya pili kuanzia leo natoka. Na ningechelewa wiki moja tu, ningetimiza miaka sabini, na wakishaona sabini hawakutaki tena. Mwanangu alihesabu vizuri. Mjukuu atanikuta na meno yangu yote."

Kabla Tunu hajamjibu, bangili yake ikasema tena, safari hii bila upole wala ukali.

"Tunu Shembilu, ofisi namba tisa. Saa tatu kamili."

*

Ofisi namba tisa ilikuwa na meza moja, viti viwili, na bango ukutani lililoandikwa kwa lugha kumi na moja. Tunu alisoma ya kwao: MFICHA MARADHI KIFO HUMUUMBUA. Nyuma ya meza alikaa mwanamume wa miaka hamsini na ushei, kipara, sweta la kijivu, na uso ambao ungeukuta sokoni Kasulu ukauuliza bei ya maharage.

"Shikamoo."

"Marahaba, Mama Chiku. Karibu. Habari za..." Akajing'ata ulimi, akashusha macho. "Keti, tafadhali. Mimi naitwa Gervas Bihemo. Ni mtafsiri wa Mwavuli, upande wa Kiswahili."

Tunu aliketi. Kusikia Kiswahili cha nyumbani kutoka kwa mtu mwenye kitambulisho cha Mwavuli kifuani kulimpa faraja kidogo, na faraja hiyo haikudumu hata dakika. Gervas aligeuza kioo cha kompyuta. Mistari sabini na mmoja. Ishirini na minane ya kwanza ilikuwa ya kijani. Iliyofuata yote ilikuwa myekundu.

"Una vijiwe kwenye nyongo," alisema. "Vitatu. Kikubwa ni kama punje ya mahindi."

Tunu alivuta pumzi, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi uliopita ikaingia yote. Vijiwe! Alikuwa amejizika mara ngapi moyoni kwa kudhani ni ugonjwa ule uliomla mama yake?

"Mmejua lini?"

"Punje imejua tangu siku ya ishirini na tisa."

"Na mkanyamaza?"

"Punje haisemi, Mama Chiku. Inasikiliza. Wa kusema ni wewe."

"Haya. Sasa mmesema. Mnanitibu au mnanirudisha?"

"Kutibu si tatizo. Mwavuli unafunika vijiwe. Unafunika hata saratani, ukiisema. Ndiyo sifa yake, hakuna mgonjwa anayefukuzwa kwa kuumwa." Akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza mwekundu, akakishusha taratibu hadi wa mwisho. "Haufuniki kitu kimoja tu. Hiki."

Kila alipopitisha kidole palikuwa na neno moja. Nzuri. Nzuri. Nzuri. Salama. Nzuri.

"Tamko la kinyume," alisema Gervas. "Mwili unasema hivi, mdomo unasema vile. Ukisikia bangili inalia mara mbili, ndiyo hiyo."

Tunu aliitazama bangili. Kumbe siku zote hizo alipojiona kipenzi cha mashine, mashine ilikuwa ikimwita mwongo. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na nyuma ya aibu zikaja hasira.

"Ngoja," alisema. "Mtu akikuuliza habari za leo, wewe unamjibu una nyongo?"

Gervas alisogeza mistari, akasimama kwenye mmoja, akausoma kwa sauti ya mtu anayesomewa hukumu yeye mwenyewe. "Siku ya arobaini. Mapigo ya moyo mia na kumi na nane. Usingizi, hakuna. Swali: Habari za leo? Jibu: 'Nzuri, ila mama amefariki.' Mashine imeandika: Hali, nzuri. Taarifa ya ziada, kifo katika ukoo. Tamko la kinyume."

Chumba kilikuwa na joto la kutosha, lakini Tunu alijikunja ndani ya kanga aliyojifunga begani. Aliikumbuka asubuhi ile. Kaka yake alikuwa amepiga simu saa kumi na moja kutoka Lushoto, na saa kumi na mbili na robo bangili ikauliza, naye akaijibu kama ambavyo angemjibu jirani anayepita na ndoo ya maji.

"Wewe mtu wa Kasulu?"

"Ndiyo. Umejuaje?"

"Nimejua. Kasulu mtu akifiwa, ukimuuliza habari, anajibuje?"

Mwanamume alivua miwani. "Anajibu nzuri," alisema. "Kisha anasema ila."

"Nani aliweka swali hili kwenye bangili?"

Nje theluji ilikuwa ikianguka bila haraka.

"Mimi," alisema Gervas Bihemo. "Miaka sita sasa. Swali lao, neno kwa neno, ni 'Eleza mwili wako una nini leo.' Nilipoliandika hivyo nikaona ni polisi anahoji. Nikamfikiria mama yangu anaulizwa hivyo hajanawa hata uso. Nikasema hapana, tuwe na ustaarabu kidogo. Nikaweka habari za leo. Walinisifu. Walisema Waswahili wanajibu kwa wepesi kuliko watu wa lugha zote."

Angekuwa mtu mbaya ingekuwa rahisi. Tunu alimtazama akaona mtu mwema aliyekosea kwa wema wake, na hilo lilimkera zaidi. Mtu mbaya unamtukana ukapoa.

Gervas aliweka karatasi mbili mezani. Alizieleza polepole, bila kupamba, na katika hilo alikuwa mwaminifu.

Ya kwanza iliitwa Kukiri. Tunu angesema mbele ya mashine kwamba alitoa matamko ya kinyume akijua. Angetengwa na Mwavuli wa familia yake kama tawi linavyokatwa, na lile shina, yaani mumewe Kaoneka na binti yao Chiku, lingebaki salama. Angerudishwa kwao. Asingeruhusiwa kuomba tena kwa miaka saba, na aliyekiri hakuwa na rufaa.

Ya pili iliitwa Shauri la Lugha. Tunu angedai kwamba swali lenyewe lilikuwa na kasoro. Gervas angeitwa shahidi, na shauri angeshinda, hilo lilikuwa wazi.

"Sasa kwa nini unanionyesha ya kwanza?"

"Kwa sababu swali likiwa na kasoro, majibu yote yaliyowahi kutolewa kwa swali hilo ni batili. Yote. Miaka sita. Familia elfu mbili na mia tatu. Walioko humu wanarudi siku ya kwanza. Walioko nje wanakunjiwa Mwavuli mpaka wapimwe upya, miezi mitatu mpaka mitano. Na Mwavuli ukikunjwa, hospitali haipokei ila aliye mahututi."

Hakuhitaji kuendelea. Chiku alizaliwa na tundu kwenye moyo. Kaoneka alimpeleka Norvika akiwa na miaka minne, alipopata kazi kwenye mashamba yaliyofunikwa vioo, na alimtolea tamko kila asubuhi kwa niaba yake, kwa Kiswahili. Alikuwa amepasuliwa mara mbili. Mara ya tatu na ya mwisho ilikuwa imepangwa tarehe kumi na nne, na daktari alishasema, moyo ule hautangoja majira mengine ya baridi. Leo ilikuwa tarehe tatu.

"Nisipoweka sahihi popote?"

"Mwisho ni Jumatatu, saa sita mchana. Baada ya hapo mashine inaamua yenyewe, na yenyewe haitengi mtu na familia. Mwavuli akiutoboa mmoja, umetoboka kwa wote."

"Mtego wa panya," alisema Tunu, "huingia waliokuwemo na wasiokuwemo."

"Nisamehe, dada yangu."

"Usiniombe msamaha leo. Leo sina."

*

Jumapili ilikuwa siku ya vioo. Kila familia ilipewa kijumba chenye viti pande mbili, kioo kinene katikati, na mkono wa simu kila upande. Simu zilisikilizwa. Ungeweza kuzungumza lugha yoyote kati ya zile kumi na moja. Wiki ya pili Tunu alijaribu Kisambaa, ili amnong'oneze mumewe mambo ya chumbani, na simu ikakatika kabla hajamaliza neno la tatu.

Kaoneka alikuja na koti lenye theluji mabegani. Alikuwa mtu mrefu, mpole, ambaye akiwa na wasiwasi hupangusa kitu chochote kilicho mbele yake. Akaanza kukipangusa kioo.

"Wameniandikia barua," alisema. "Wanasema una shauri. Hawasemi la nini."

"La maneno tu."

"Maneno gani, mke wangu?"

Tunu aliiangalia simu. Kulitaja kosa la swali hapa kulikuwa sawa na kulifungua shauri kwa mdomo wake mwenyewe. Akatafuta njia ya kupita pembeni, kama watu wa milimani wanavyoifuata kona badala ya kupanda wima.

"Kaoneka. Tuseme nyumba yetu inaungua. Mlango ni mmoja, na mimi ndiye nimekaa mlangoni. Nikibaki nilipo, hatoki mtu. Nikitoka kwa nje, mlango unanifungia huko huko, lakini nyie mnapona."

Mkono wa Kaoneka ulisimama kwenye kioo. "Usitie sahihi kitu," alisema. "Mimi na wewe tulioana, hatukukodishana. Tutapigana. Chiku ataangaliwa tu."

Alilitamka lile la mwisho akitazama chini, na Tunu akajua kwamba halikuwa limetoka moyoni. Aliona jinsi mumewe alivyotaka aambiwe akae, na jinsi alivyoogopa kuambiwa hivyo. Akampenda, akamhurumia, akatamani kukipasua kioo kwa kichwa.

Chiku alivuta simu kutoka kwa baba yake. Miaka saba, mabutu manne, jino la mbele halipo. Alikuwa amemwona mama yake ana kwa ana mara ya mwisho akiwa na miaka minne, na baada ya hapo kwenye kioo cha simu na kioo hiki.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba, mama yangu. Habari za shule?"

"Mbaya."

Tunu alishtuka kama aliyepigwa kibao. "Mbaya? Chiku! Mtu mzima akikuuliza habari, unajibu mbaya?"

"Lakini ni mbaya. Nimechoka kwenye ngazi, wamenibeba, na Ingvil amecheka." Mtoto alisema bila kinyongo, akihesabu kwa vidole. "Huku mwalimu anasema ukiulizwa, sema. Usiposema hawawezi kukusaidia. Nikimjibu daktari nzuri, ananikasirikia."

"Amekua Mnorvika huyu," alisema Kaoneka kwa mbali, nusu anatania, nusu anaomba radhi.

Tunu alitaka kumfundisha. Ulimi ulikuwa tayari: unasema nzuri kwanza, mwanangu, ili mwenzako asione umemvamia, kisha unasema ila, na huo ndio mlango wa shida zako. Ndivyo watu wanavyobebana. Lakini akaona mashavu ya mtoto yalivyo na weupe wa majivu, na midomo ilivyo na rangi ya zambarau, na mafunzo yote akayaacha.

"Na wewe mama?" Chiku aliuliza, paji la uso likiwa limegusa kioo. "Habari?"

"Nzuri," alisema Tunu.

Ti-ti.

*

Jumatatu saa nne asubuhi alikuwa tayari mlangoni pa ofisi namba tisa. Huko chumbani Bi Mwanasha alikuwa amemlazimisha anywe chai ya tangawizi, akamwambia amebadilika rangi, akamuuliza ana nini. Tunu alijibu hana kitu. Bibi alimtazama kwa muda, kisha akarudi kwenye kishali chake akisema ulimi hauna mfupa. Kilikuwa kimebakisha pindo moja.

Gervas alikuwa hajanyoa ndevu. Karatasi mbili zilikuwa pale pale.

"Nikikiri leo," alisema Tunu akiwa bado amesimama, "na mtoto akapasuliwa tarehe kumi na nne akapona, wewe utasema ukweli tarehe kumi na tano?"

"Nimewaza hilo siku tatu," alisema. "Tarehe kumi na tano kuna mtoto mwingine. Mtoto wa watu wa Bagamoyo, figo. Tarehe ishirini na mbili kuna mama anajifungua. Mama Chiku, kila tarehe ina mtu. Sijawahi kuipata tarehe isiyo na mtu."

"Na kazi yako."

"Na kazi yangu," alikubali. "Siwezi kusema haimo."

Tunu aliketi. Alikuwa hajalala, lakini kichwa kilikuwa chepesi. Kati ya watu wa familia elfu mbili na mia tatu asiowajua, na mmoja aliyekuwa akimjua mpaka idadi ya mabutu, hakuwa ametafuta kipi ni haki. Alikuwa ametafuta kipi anaweza kuishi nacho akiwa Lushoto, jioni, anachambua mchicha, na mtu akapita akamuuliza habari za Chiku.

"Nakiri," alisema. "Lakini nina sharti. Ulibadilishe swali."

"Siwezi. Kulibadilisha ni kukubali kwamba lilikuwa na kasoro. Mashine yenyewe itafungua shauri."

"Basi usilibadilishe. Liongeze."

"Niliongeze nini?"

"Neno moja." Tunu aliinama mbele, na ubavu ukamchoma, naye hakujali. "Bwana Bihemo, wewe umeishi hapa muda mrefu mpaka umesahau. Ukimuuliza mtu wa kwetu habari, akakwambia nzuri, hujamaliza kuuliza. Unangoja. Unamtazama. Asiposema mwenyewe, wewe ndiye unamsogezea: ila? Hii mashine yenu haikungoja. Iliuliza ikaondoka. Mngemwona mtu wa hivyo kijijini mngesema hana utu."

Gervas alivuta kibodi, akaandika, akafuta, akaandika tena.

"Swali la nyongeza," alisema, kama anayejisemea. "Linaruhusiwa. Kila lugha ina nafasi ya swali la nyongeza, hakuna aliyewahi kuitumia. Jibu la mwisho ndilo linalohesabiwa." Akainua macho. "Mama Chiku, lingekuwepo hili tangu mwanzo..."

"Lingekuwepo. Halikuwepo."

"Litaanza kesho asubuhi, kwa wote. Naapa kwa kaburi la mama yangu."

"Na mtu atakayekuja baada yangu akisema nzuri huku anaumwa?"

"Ataulizwa."

Basi wakafanya. Gervas aliwasha kinasa. Maneno ya Kukiri yalikuwa mstari mmoja tu, na Tunu aliusoma kwanza kimya. *Nilisema nzuri hali nikijua kwamba si nzuri.* Akaurudia mara ya pili akitafuta uongo ulipo, asiuone. Kila neno lilikuwa la kweli. Alijua kwamba si nzuri, ndiyo, alijua kila asubuhi, na alisema. Mama yake pia alijua, na bibi yake, na kila mtu aliyewahi kuamka na jino linauma akamkuta jirani mlangoni. Wote hao walikuwa wakiwekwa kwenye mstari ule, na jina la kosa juu yake.

Akausema kwa sauti, wazi, bila kukwama.

Bangili ikalia mara moja. Tamko limeafikiana.

Gervas Bihemo alizima kinasa, akaweka uso kwenye viganja, akalia kama mtoto. Tunu alikaa akimwangalia. Baadaye akamsogezea boksi la karatasi laini lililokuwa upande wake wa meza, maana hata kama hujamsamehe mtu, humwachi ajipanguse kwa sweta.

*

Walisema watamjia Jumanne saa kumi na mbili na nusu. Muuguzi angeitoa punje, kisha gari, kisha ndege. Kwenye begi walimwekea vidonge vya maumivu na barua ya kumpa daktari wa kwao.

Kaoneka alikuwa ameambiwa kwa barua. Chiku alikuwa hajaambiwa. Daktari wa moyo alikuwa ameomba asiambiwe mpaka atoke kwenye upasuaji, na Tunu alikubali kwa kichwa mbele ya kioo cha simu.

Saa kumi na mbili na robo alikuwa amekaa kitandani amejifunga kanga, viatu mguuni. Bi Mwanasha alikuwa ameshajua, si yote, ila ya kutosha kumnyamazisha, na Bi Mwanasha akinyamaza ni msiba. Kishali kilikuwa kimekunjwa mapajani mwake.

Bangili ya bibi ndiyo iliyotangulia.

"Habari za leo, Mwanasha?"

"Nzuri," alisema bibi kwa unyonge.

"Ila?"

Bi Mwanasha aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Ewe! Yaniuliza nini hii? Nani kaifundisha?" Akaitazama bangili, akamtazama Tunu, na macho yakajaa maji. "Ila mwenzangu anaondoka," aliiambia ile bangili kwa hasira. "Na goti langu lauma tangu Idi. Haya, umeridhika?"

Ikalia mara moja.

Gervas alikuwa ametimiza. Tunu alihisi kitu kikilegea kifuani, na akajua kwamba hatakichukia tena kile kipara, ingawa hangependa kukiona. Nje kulikuwa kunapambazuka, mwanga mweupe usio na joto, na chini uani gari la kituo lilikuwa limeshawasha taa.

"Habari za leo, Tunu?"

Ulimi ulitangulia, kama siku zote.

"Nzuri."

"Ila?"

Alijua nani ameandika, jana, mbele ya macho yake. Alijua kwamba upande wa pili hapakuwa na mtu, kwamba shauri lake limefungwa na jibu hili halitahesabiwa popote. Hata hivyo lilikuwa swali, na lilimngoja. Sekunde ya kwanza, ya pili, ya tano. Tangu afike nchi ile hakuna kitu kilichokuwa kimemngojea hivyo. Hatua za muuguzi zilisikika kwenye korido.

"Ila ubavu unaniuma," alisema Tunu. "Ila mama yangu alizikwa sikuwepo. Ila naondoka sasa hivi, na mwanangu hajui, na Jumapili atakuja kwenye kioo anikose."

Mlango ukafunguka.

Bangili ikalia mara moja.